Kwenye Mbabula: Simu iko juu ya meza



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya sabuni ya kupika nyumbani. Nisameheni. Wale mliokwisha kununua mafuta ya ngazi, yafunikeni vizuri, hayaendi popote. Juma hili sina kichwa cha kupima soda na maji. Katika nyumba yangu kuna mfinalisti, na matokeo ya Egzeta ya upande wetu bado hayajatoka.

Nilihesabu kwenye avenyu yetu, kutoka bomba la maji mpaka kwa fundi wa viatu. Nyumba saba zina mtoto aliyefanya Egzeta mwaka huu. Nyumba saba ambamo wamama wanaamka saa kumi ya usiku, baridi hii ya mwezi wa saba ikiwa inauma mifupa, wanachukua simu chini ya mto, wanaangalia, wanairudisha. Nawajua kwa sababu asubuhi tunakutana bombani na macho mekundu, na kila mmoja anasema ni moshi wa makala.

Kwa wale ambao watoto wao bado wadogo, nieleze kidogo, maana siku yenu itafika. Mtihani wa serikali ulianza mwaka 1967, kwa hiyo hata baba zetu wengine waliungoja. Kwanza kuna ile sehemu ya nje ya sesyo: mtoto anaandika insha ya Kifaransa, anahojiwa kwa mdomo, na wale wa ufundi wanafanya kazi ya mikono. Baadaye zinakuja siku nne za sesyo yenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo yake. Makaratasi yanakwenda, na mzazi anabaki. Matokeo hayatoki yote siku moja. Leo mkoa fulani, kesho seksyo fulani, na kila mara watu wanapiga kelele barabarani wewe unakimbia mlangoni, kumbe si zenu. Kila mtoto ana kode yake. Unaituma kwa mesaji, simu inajibu kama amefaulu na kwa asilimia ngapi. Kuanzia 50 ana diplome. Chini ya hapo hana. Miaka yote ya masomo, ada zote za sekondari, maana ile elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya msingi na haikutufikia huko juu, vyote vinakuja kusimama juu ya mesaji moja fupi kuliko ile ya kukuambia unite zako zimekwisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimeomba ruhusa ya binti yangu kabla ya kuliandika. Alisema, "Andika, mama, lakini usiweke jina langu." Sitaliweka.

Siku tisa baada ya sesyo kwisha, simu ililia nikiwa sokoni, mikono imejaa ndakala. Mwanamume, sauti ya upole, Kifaransa safi kilichochanganyika na Kiswahili chetu. Akanisalimu kwa heshima. Akataja jina la binti yangu, majina yote matatu. Akataja shule yake. Akasema yuko Kinshasa, kwenye kazi ya kusahihisha, na ameiona kode ya mtoto. "Mama, ana 47. Inaumiza kuona mtoto mwenye akili hivi anakosa kwa asilimia tatu. Naweza kusaidia. Nikifunga orodha leo jioni, basi."

Alitaka dola 60. Kwa hizo angempandisha mpaka 65.

Niwaambie ukweli kama nilivyousema mbele ya wenzangu: sikufikiri hata dakika tano. Nilikuwa na dola 60 kamili. Juma lile ilikuwa zamu yangu ya likilimba, na pesa hiyo nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya dosie ya chuo: fotokopi, picha, vyeti, ada ya kujiandikisha. Nikamwachia jirani meza yangu, nikaenda kwa kijana wa kutuma pesa, nikatuma. Nikarudi. Nikauza ndakala mpaka jioni, tena niliwaongezea watu kipimo kwa furaha.

Kesho yake akapiga tena. Sasa kulikuwa na mkubwa wake ambaye naye lazima apewe, dola 40. Nikamwambia sina. Akakasirika kidogo, akasema, "Mama, mtoto wako ni mdhaifu sana katika pedagojia, ndiyo maana kazi imekuwa ngumu."

Binti yangu amefanya biolojia-kemia. Hajasoma pedagojia hata siku moja.

Nilisimama pale na simu sikioni, nikasikia miguu inakuwa ya maji. Majina ya wanafunzi yanabandikwa kwenye mlango wa senta ya mtihani. Mtu yeyote anaweza kupita na biki na kaye akayaandika. Namba yangu aliipata wapi sijui, lakini namba yangu iko kila mahali, naandikia wateja kwenye karatasi za samaki. Tena majibu ya sesyo ni ya kuchagua herufi, yanasomwa na mashine. Mtu gani angekaa na kode ya mtoto mmoja wa Katuba akaihurumia? Mambo haya yote niliyajua. Niliyajua hata siku ile nilipotuma. Hofu ilikuwa imekwisha kuyafunika.

Nikaficha siku tano. Siku ya sita binti akaniomba pesa ya kupiga picha za pasipoti, kwa sababu rafiki zake walikuwa wanakwenda pamoja na mpiga picha amewapunguzia bei. Nikamwambia angoje. Akasema, "Lakini mama, si likilimba imetoka?" Nikaanza hadithi, hadithi ikakatikia njiani, nikamwambia yote.

Hakulia. Hakuuliza habari ya pesa. Alisema hivi tu: "Kwa hiyo uliamini."

Nikamwambia, "Niliamini nini?"

"Kwamba nina 47."

Akatoka nje, akachukua masahani yaliyokuwa yamekwisha kuoshwa, akayaosha tena.

Mama zangu, dola 60 ni pesa nyingi kwangu. Ni meza ya samaki ya wiki nyingi. Lakini tangu siku ile, usiku sihesabu dola. Nahesabu mara ngapi nilimwambia mtoto huyu, "Mimi nakuamini." Nilisema mbele ya shangazi zake, mbele ya prefe, mbele ya kanisa zima. Kisha sauti moja nisiyoijua ikasema namba moja, na nikaikubali mara moja, kana kwamba nilikuwa nimeitayarishia kiti. Na jambo lingine linanikera zaidi. Tuseme yule mtu angekuwa wa kweli. Binti anataka kutibu watu. Basi mimi mama yake nilikuwa tayari kumnunulia njia ya kufika na sindano mkononi mbele ya mtoto wa mwanamke mwenzangu.

Jioni ile nikamwambia na baba watoto. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kisicho na utamu. Sauti ileile ilikuwa imempigia naye, kazini. Yeye hakutuma. "Usinisifu," akasema. "Sikuwa na pesa mfukoni. Ningekuwa nazo ningetuma kabla yako."

Jumamosi, katika mkutano wetu, nilisimama nikaeleza. Kabla sijakaa, mikono miwili ilikuwa juu. Mama mmoja alituma dola 30 mwaka huu. Mwingine alituma 100 mwaka uliopita, na mumewe mpaka leo anafikiri ziliibwa kwenye kombi. Mtoto wake alifaulu kwa nguvu zake mwenyewe, na yule mwizi akampigia tena kumdai shukrani! Ndiyo maana naandika. Wanaishi kwa aibu yetu. Tukinyamaza, mwakani watapiga simu kwa wengine. Mama mwenyekiti amesema mwenye kupigiwa aandike ile namba na ailete Jumamosi, tuisome kwa sauti mbele ya wote. Si dawa ya yote, lakini mtu akisikia namba ileile imempigia jirani yake, moyo unarudi mahali pake.

Kuna mtu atauliza: je, mama huyu hakuwahi kungoja kabla? Nilingoja. Ndilo linalonitia uchungu zaidi.

Kaka yake mkubwa alifanya Egzeta miaka mitatu iliyopita. Wakati ule nilikuwa mwenye uhakika. Nilinunua poda mapema, makopo mawili, nikaita wageni, nikaweka kuku. Mnajua wenyewe mtoto akifaulu jinsi tunavyommwagia poda mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, na avenyu nzima inaimba nyuma yake. Mesaji ikafika wageni wakiwa wamekaa. Hakufaulu. Na mimi, mbele ya watu wale, nikasema maneno. Sitayaandika hapa. Mtoto aliyasikia yote, akavaa koti lake, akaenda kwa shangazi yake Likasi, akakaa huko majuma mawili bila kutupigia. Nilikuwa nasikia habari zake kwa watu.

Alirudi, akarudia mwaka, akafanya tena, akapata 54. Leo anasoma biashara, anamaliza mwaka wa pili. Lakini siku ile alipofaulu nilipokuja na poda, alinishika mkono taratibu akasema, "Hapana, mama. Acha tu." Kopo bado liko kwenye sanduku langu. Halijafunguliwa.

Kwa hiyo mwaka huu nilijiambia sitarudia. Na tazama, sikurudia yale, nilivumbua mengine.

Jumapili iliyofuata, baada ya bukari na matembele, tulikaa wote. Baba watoto alitaka kuanza na hotuba, nikamwomba tumwache mtoto aseme kwanza. Sikutegemea kwamba alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Alitoa kaye. Akipita 60, atajaribu udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akijua kwamba 50 peke yake haimfungulii mtu mlango wa kitivo kile na kwamba kuna mtihani wa kuingia unaomngoja. Akiwa kati ya 50 na 60, ataomba uuguzi au maabara kwenye ISTM, na alisema wazi kwamba kwake hilo si kushindwa. Muuguzi aliyemzalisha mama yake mdogo alitoka hukohuko. Asipofaulu, atarudi kukaa darasani na wadogo zake mwaka mmoja. Mstari wa mwisho ulikuwa huu, nanakili: "Nisipopata, msiniambie kitu chochote kwa juma moja. Hata neno zuri."

Baba yake akauliza, "Hata neno zuri?" Akajibu, "Hilo ndilo baya kuliko yote, papa." Tukacheka kwa mara ya kwanza mwezi huo.

Jambo la pesa ndilo lilitupa kazi. Kaka yake analipiwa minervali, na huyu akiingia watakuwa wawili. Ndugu mmoja wa upande wa mume, sitasema nani, alikuwa pale, akatoa shauri tunalolijua sote: mvulana amalize kwanza, msichana angoje, labda atapata mchumba njiani. Alilitoa kwa upole kabisa, kama mtu anayekusaidia kubeba mzigo. Nilitaka kujibu, lakini yule kijana wa 54 alinitangulia. Alisema yeye alirudia mwaka mzima kwa pesa ya nyumba hii na hakuna aliyemwambia angoje, na kwamba wakati wa likizo atakwenda kubeba mifuko ya saruji kwa mjomba wake. Ndugu yetu akameza chai yake. Wamama, jambo hili tulizungumze siku moja peke yake kwenye mbabula hii, maana linakata watoto wengi wa kike kuliko mtihani wenyewe unavyowakata. Msichana anafaulu, anamwagiwa poda, anaimbiwa, na mwezi wa kumi unamkuta anauza maji ya pakiti mlangoni.

Nilichofanya na mikono yangu wakati huu wa kungoja ni kukimbia makaratasi. Inasaidia kuliko kukaa. Buletini za miaka miwili ya mwisho, zitoeni shuleni sasa, prefe akiwa bado anapatikana. Cheti cha kuzaliwa na kile cha mwenendo mwema, nendeni komini kabla matokeo hayajatoka, kwa sababu yakishatoka mstari unafika barabarani. Picha za pasipoti, pigeni nyingi, zinaliwa kama karanga. Diplome yenyewe mtaingoja, wengine wanaingoja miaka. Mtoto anaingia chuoni na karatasi ya kuthibitisha kufaulu, na hiyo nayo toeni fotokopi, ya asili ilale nyumbani. Pesa ya picha za binti nilikopa kwa mama wa likilimba anayenifuata, naye alinikopesha bila kuniuliza kitu. Nilimlipa kwa ndakala.

Na sisi wa avenyu moja tukubaliane mambo mawili. La kwanza, tuache kuulizana bombani, "Imetoka?" Ikitoka mtasikia. Mama wa nyumba ya bluu tansyo yake ilipanda juma hili mpaka wakampeleka senta ya afya, na alipoulizwa ameanza lini kuumwa, alisema ni tangu watu walipoanza kumsalimu kwa swali hilo. La pili, siku ya poda, mwenye furaha afurahi, apige masufuria yake yote. Lakini ukijua kwamba mtoto wa jirani hakupata, maandamano yageukie kwa fundi wa viatu, yasipite mbele ya mlango ule. Ni hatua hamsini tu za kuzunguka. Mimi mwaka ule walipita kwetu, na walikuwa watu wazuri, hawakuwa na nia mbaya. Kijana wangu alikuwa bado hajavaa koti.

Ninapompa katibu karatasi hii, ni Alhamisi jioni. Mikoa mingine imetoka tangu jana. Tulisikia kwenye redio. Wetu bado. Umeme ulikatika saa nane, kwa hiyo mdogo wake alikwenda na simu kwa jirani mwenye paneli ya jua, akairudisha imejaa chaji, akaiweka katikati ya meza juu ya kitambaa, kama mgeni. Kode iko kwa binti mwenyewe. Tumekubaliana kwamba ataituma yeye, saa atakayotaka, ndani au nje, na atatuambia atakapotaka. Baba watoto anapita karibu na meza kila nusu saa akijifanya anatafuta miwani yake. Miwani anayo usoni.

Jana usiku nilimkuta binti jikoni, amekaa karibu na mbabula anaota moto. Nilikaa. Hatukusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mama, lile kopo la poda la kaka liko wapi?"

Nikasema liko sandukuni.

"Usilitoe," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini usilitupe."

Juma lijalo tutapika sabuni. Leteni na ndoo.